Jeti ya Kiangazi, Jeti ya Mvua

Jumamosi, 10 Septemba 1988

Leo kaka yangu Mutie amemaliza kuchomelea kigari cha pembeni. Amekuja nacho kutoka sokoni Kathonzweni, pikipiki ikitoa moshi na watoto wakiikimbilia nyuma kama arusi. Fremu ilikuwa ya ofisa wa mifugo. Injini ni ya pikipiki nyingine kabisa. Kiti cha kigari ni nusu ya benchi la kanisa lililovunjika siku ya harambee. Mdogo wangu Kavata alikaa juu yake, akaipanga miguu yake kwa mikono kama afanyavyo siku zote, mmoja kisha mwingine, akasema, "Sasa niletewe sahani ya sadaka."

Niandike sababu ya haya yote, nisije nikaisahau katikati ya spana. Kavata yuko darasa la nane. Polio ilimpata akiwa mdogo na anatembea kwa magongo, lakini si mbali. Shule yake ina watahiniwa wachache, kwa hiyo mtihani wataufanyia Kalamba, ng'ambo ya kilima. Wasichana wengine watalala huko, sakafuni darasani. Choo cha kule kiko juu ya mawe matupu yasiyopitika kwa magongo. Mama alikwenda kukiona, akarudi akasema hapana. Basi mwalimu mkuu, Bwana Kilonzo, akasema Kavata angoje mwaka ujao. Mwaka jana pia aliambiwa angoje.

Baba yuko Voi kazini reli, kwa hiyo uamuzi ni wa Mama. Ameweka sharti: pikipiki impandishe Kavata kilima kile mara tatu bila mtu kusukuma, kabla Oktoba haijaisha. Ikishindwa, atangoja.

"Kwa nini mara tatu, mwaitu?" Mutie alimwuliza Mama.

"Mtihani ni siku ngapi?"

Jumapili, 11 Septemba

Mchungaji ameiombea pikipiki baada ya ibada. Ameombea na breki zake. Mutie aliinamisha kichwa sana, maana breki ya nyuma bado hajaifunga.

Jumamosi, 17 Septemba

Kilima kimetushinda. Mutie aliendesha, Kavata akiwa kigarini, mimi nikifuata kwa miguu na kitabu kwapani. Kwenye kona ya mwamba injini ilianza kugonga, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo, kisha ikazima. Ilikuwa moto kupita kiasi. Wanaume wawili waliokuwa wakitoka mnadani walitusukuma hadi juu.

Kisha tulirudi nyumbani. Mama alikuwa mlangoni, anangoja habari. "Hiyo haihesabiwi," Kavata alimwambia. "Lilikuwa zoezi."

Kitabu chenyewe ni cha injini, kwa Kiingereza, na kina mafuta kila ukurasa. Gicheru, muuza spea, alimpa Mutie pamoja na injini kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Mutie hakisomi. Ninakisoma mimi, nikimaliza kazi za shule.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimeelewa hivi. Kuna mambo matatu tunayoweza kuyabadilisha. La kwanza ni jeti, yaani kile kishaba kidogo chenye tundu ndani ya kabureta, ambacho hupima petroli inayokutana na hewa. La pili ni taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. La tatu ni gia ya nyuma ya cheni: ikiwa na meno mengi, pikipiki hupunguza mbio na kuongeza nguvu.

Mutie anataka cheche iwahi. "Cheche ikiwahi, inaruka!" amesema. Kitabu kinasema cheche ikiwahi mno na mzigo ukiwa mzito, injini hugonga na pistoni huungua. Ndicho tulichokisikia kwenye kona. Nilitaka kumwambia, lakini vijana wenzake watatu walikuwa wamesimama pale. Nimeandika kwenye karatasi nikaiweka ndani ya sanduku lake la spana.

Jumanne, 20 Septemba

"Nani ameniandikia barua kama mchumba?" Mutie aliuliza wakati wa chakula, akaisoma kwa sauti. Nilikuwa nimeandika: Mzigo wa kwanza, Mutie. Mzigo wa pili, kigari. Mzigo wa tatu, Kavata.

Kavata aliacha kula. "Kwa hiyo mimi ni mzigo wa tatu?"

"Ni hesabu tu," nilisema.

"Ningekuwa wa kwanza ningeelewa. Lakini nimeshindwa na kigari?"

Wote walicheka, na yeye pia, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya chao.

Jumamosi, 24 Septemba

Taimingi imechukua asubuhi nzima. Tulitoa plagi, tukateremsha spoku ya baiskeli kwenye tundu lake hadi iguse pistoni, tukaikwaruza alama kwa kipimo cha kitabu. Mutie alikuwa akizungusha injini polepole. Kavata alishika balbu ya tochi iliyounganishwa na betri na pointi, vile vyuma viwili vinavyoachana ili cheche itoke, tujue zinafunguka wakati gani. Sikumwomba. Alijikokota hadi pale akaichukua mkononi mwangu.

"Sasa!" alisema balbu ikififia. "Sasa! Aiya, Mutie, umepita, rudi."

Tulifuata kitabu, na bado iligonga kidogo kwenye mteremko wa nyumbani. Nafikiri aliyeandika kitabu alikuwa na mtu mmoja juu ya lami, hakuwa na benchi la kanisa. Nimependekeza tuicheleweshe cheche kidogo kuliko kitabu kinavyosema. Nimependekeza kwa karatasi tena. Kavata aliinyakua akaitia mdomoni akaitafuna.

"Sema kwa mdomo," alisema. "Wangu umejaa."

Nikasema. Mutie akafanya. Kugonga kumekwisha.

Jumamosi, 1 Oktoba

Gicheru amepata gia ya nyuma kubwa kuliko yetu. Mutie aliifunga huku akilalamika kama aliyefiwa. "Itakuwa ng'ombe sasa. Itatembea kama ng'ombe."

"Ng'ombe hupanda kilima," alisema Kavata.

Tulipita kona ya mwamba! Lakini juu kidogo ikakohoa ikazima. Vumbi la huku sasa ni kama unga, na sponji ya kuchujia hewa imezeeka hata inameguka mkononi. Injini imekuwa ikimeza vumbi na makombo ya sponji. Gicheru hana sponji ya injini hii.

Jumanne, 4 Oktoba

Susu, nyanya yetu, ametazama mdomo wa kabureta, akaupima kwa vidole. "Mnataka kitu kinachopitisha upepo na kuzuia vumbi," alisema. "Mbona hamkusema?" Anasuka kiondo, kikapu kidogo cha mkonge.

Alhamisi, 6 Oktoba

Kiondo kimekwisha. Kinatoshea mdomo wa kabureta kama kofia ya mtoto. Susu ametia na mstari mwekundu. Mutie alikipaka oili nyepesi kama kitabu kinavyosema kuhusu sponji, akakifunga kwa waya. Nilifikiri ni mzaha mpaka nilipoona, baada ya safari moja ya sokoni, vumbi lote likiwa limenata nje.

Jumamosi, 8 Oktoba

Kiondo hupunguza hewa, kwa hiyo petroli ilizidi na moshi ukawa mweusi. Nilimwambia Mutie, kwa mdomo, tutie jeti yenye tundu dogo zaidi. Gicheru alikuwa nazo kwenye kopo la majani ya chai, zimechanganyika na vifungo vya shati.

Tumepanda. Mpaka juu, bila kusukumwa. Kavata alipiga kofi benchi njia yote. Ya kwanza.

Jumatano, 12 Oktoba

Jaribio la hisabati. Joto.

Jumamosi, 15 Oktoba

Ya pili. Juu kilimani Kavata alimwomba Mutie azime injini, tukakaa. Kutoka pale mabati ya shule ya Kalamba yanaonekana yaking'aa. Alisema, "Ipo kweli." Nilikuwa nimeshughulika na injini hata nikasahau kwamba hajawahi kuiona.

Alhamisi, 20 Oktoba

Sikukuu. Ya tatu. Mama alitufuata kwa miguu hadi juu, na mwavuli wake mweusi, ingawa hakukuwa na wingu. Alipofika alipumua, akaizunguka pikipiki, akasema, "Haya." Jioni alianza kumshonea Kavata sketi mpya ya shule.

Jumanne, 25 Oktoba

Mvua! Usiku kucha juu ya mabati. Asubuhi majirani wote wako shambani wanapanda mahindi na mbaazi. Nimechelewa shule na hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 29 Oktoba

Mutie alimpeleka Kavata hadi kilimani ili azoee utelezi. Nilikwenda nao. Mvua nyembamba ilianza tukiwa njiani. Kabla ya kona ya mwamba injini ilitoa moshi mweusi, ikakoroma, ikafa. Plagi ilikuwa nyeusi na imelowa petroli. Tuliifuta, ikawaka, ikafa tena. Tulirudi tukiisukuma, Kavata akiwa ndani amejifunika gunia, maji yakimtiririka puani.

Mama alitutazama kutoka jikoni. Alimvua Kavata nguo, akamkalisha karibu na moto. Baadaye alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikiona kilima kikavu. Sasa nataka kukiona kikiwa na matope. Kabla ya siku yenyewe. La sivyo atabaki."

Hakukasirika. Angekasirika tungeweza kumbembeleza.

Jumatatu, 31 Oktoba

Inawaka vizuri asubuhi. Ikinyeshewa kidogo, inakufa. Mutie anasema ni koili, ile inayoipa plagi umeme, imelowa. Mimi nasema ni jeti.

Jumanne, 1 Novemba

Mutie alipokwenda sokoni nilibadilisha jeti mwenyewe, nikatia ndogo zaidi. Alipojaribu jioni ilikuwa mbaya kuliko jana, ilichemka na kukataa kuvuta. Nilimwambia nilichofanya. Akashika kichwa.

"Nzilani! Mimi jana usiku nilirudisha taimingi mbele!"

"Bila kuniambia?"

"Wewe uliniambia?"

Basi hakuna anayejua sasa kosa lipi ni la nani. Tulipigiana kelele uani, mimi, ambaye darasani huitikia jina kwa kunong'ona. Susu alitoka kutazama. Kavata alikuwa amekaa kwenye benchi lake la kigari na kitabu cha sayansi.

"Mkimaliza," alisema, "rudisheni vyote vilivyokuwa Oktoba. Vyote. Halafu kila mmoja aweke mikono mfukoni."

Alhamisi, 3 Novemba

Vimerudi kama vilivyokuwa, kwa spoku na balbu. Mvua ilinyesha mchana, tukaijaribu uani. Kavata alisema yeye ndiye hukaa karibu na kabureta kuliko sisi sote, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Ni kweli. Nilimwuliza uzito wake, sikumwuliza anasikia nini.

Akaweka kiganja mbele ya kiondo injini ikiunguruma. "Hapa inavuta ngozi yangu," alisema. Mvua iliendelea kukipiga kiondo. Baada ya muda: "Sasa inavuta kidogo." Kisha: "Sasa haivuti. Inapumua kama Susu akiwa na mafua." Ikafa.

"Ni nini basi?" nilimwuliza.

"Sijui. Mwenye kitabu ni wewe."

Nimetafuta. Kitabu hakisemi lolote juu ya viondo.

Ijumaa, 4 Novemba

Shule yetu imefunga. Sikufikiria hata ripoti yangu.

Jioni tulikuwa jikoni sote. Susu alikuwa amemaliza kiondo kipya, cha kawaida, cha kubebea nafaka, akakitumbukiza kwenye karai la maji kama afanyavyo kila mara. Nimeliona jambo hilo tangu nizaliwe. Kavata alikuwa akimenya mbaazi. Mikono yake ilisimama.

"Susu. Ukikilowesha, yale matundu huenda wapi?"

"Hufumba. Mkonge hunywa maji ukavimba. Kama si hivyo wimbi ingekaaje humo?"

Mutie alinitazama, nikamtazama. Kisha akatoka mvuani akarudi na kile kiondo kidogo chenye mstari mwekundu, akakiinua mbele ya taa. Hapakuwa na hata tundu moja la kupitisha mwanga. Oili ile nyepesi ilikuwa imeoshwa na mvua zamani, na mkonge ulikuwa umeshiba maji. Tulikuwa tumeiziba injini pumzi kwa mikono yetu, halafu tukaanza kuilaumu petroli na cheche. Na kila mmoja wetu humu ndani anajua kiondo hufanya nini kikilowa. Nadhani hatukukitazama kwa sababu amekisuka Susu, na Jumapili moja ya Oktoba mchungaji alikisifu mbele ya watu.

Nilianza kumwomba Susu radhi. Alinikata. "Mimi niliambiwa vumbi. Kiondo kile ni cha vumbi. Nani alikipeleka mvuani?"

"Hawa," alisema Kavata, akatuonyesha kwa kisu.

Jumamosi, 5 Novemba

Tumetoa kiondo. Mutie amekata kopo la mafuta ya kupikia, akalifunga juu ya mdomo wa kabureta liwe paa, maji yasiingie moja kwa moja. Hewa sasa ni nyingi, kwa hiyo jeti ndogo haitoshi. Nilichagua ile kubwa, tuliyoitoa Oktoba. Taimingi hatukuigusa. Kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mchana mvua ilinyesha vizuri na tukaenda. Mama alikuja nyuma kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi magotini. Pikipiki iliteleza kwenye kona ya mwamba, ikayumba, ikashika. Ilipanda kama ng'ombe hasa. Juu, Mama alisimama na mwavuli akitazama Kalamba.

"Haya," alisema.

Jumatatu, 7 Novemba

Jana na leo jua kali, na barabara imekwisha kuanza kutoa vumbi. Mutie alisikia mkwaruzo ndani ya injini: mdomo mtupu unameza mchanga. Pistoni ikikwama njiani, basi tena. Kwa hiyo hatuwezi kuchagua mara moja tukatulia. Siku ya vumbi ni kiondo na jeti ndogo. Siku ya mvua ni kopo na jeti kubwa. Lazima kuamua kila alfajiri.

"Nani ataamua?" aliuliza Mutie.

"Mwenye mtihani," alisema Kavata.

Jumanne, 8 Novemba

Mawingu. Kavata alichagua kopo. Mvua ilitupata kilimani, ikatupita. Mimi hukaa nyuma ya Mutie kwenye tambarare, na kilimani huteremka nikapanda kwa miguu. Tulifika mapema. Bwana Kilonzo alimsalimia Kavata kwa mkono, kisha akaitazama pikipiki kama mtu anayetafuta mahali pa kuomba msamaha.

Jumatano, 9 Novemba

Kavu. Kiondo. Hakuna la kuandika, na hilo ndilo zuri.

Alhamisi, 10 Novemba

Alfajiri nyota zilikuwa nyingi. Kavata alinusa hewa akasema, "Kiondo." Mutie aliafiki. Mimi pia niliafiki, niliandike hilo.

Mvua ilitupata chini ya kilima. Si manyunyu, mvua yenyewe. Nilikuwa nimeshuka na nilikuwa nikikimbia nyuma yao. Kabla ya kona ya mwamba niliuona moshi ukigeuka mweusi. Mutie aliinama mbele akazidisha mafuta, na injini ikaanza kukoroma.

"Simama!" nilipiga kelele.

"Tunakaribia!"

"MUTIE! SIMAMA! Ukiilowesha plagi hatutaiwasha tena!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Watoto waliokuwa wakienda shule walisimama pia, hata mzee mmoja na punda wake.

Mutie alisimama. Kavata alifungua mwavuli wa Mama, akaunyosha juu ya kabureta, mgongo wake wote ukiachwa mvuani, na karatasi zake zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya blauzi. Mutie aling'oa kiondo. Mimi nilifungua kabureta kwa vidole vilivyokufa ganzi. Jeti ndogo ilitoka ikiteleza, karibu inidondoke kwenye matope, na kitu kile ni kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Lete hapa," alisema Kavata, akafumbua mdomo.

Niliiweka juu ya ulimi wake. Alikunja uso kwa ladha ya petroli, akafumba mdomo. Nikatia jeti kubwa niliyokuwa nayo mfukoni. Mutie akafunga kopo, akafuta plagi kwa shati lake, akapiga teke. Kimya. Akapiga tena. Nilikuwa ninamtazama Kavata, naye alikuwa amefumba macho na ameweka kiganja chini ya kopo. Teke la tatu, akaitikia kwa kichwa kabla mimi sijasikia chochote. Ikanguruma.

Sikuwaona wakifika. Nilifika shuleni nyuma yao, nikimaliza njia kwa kukimbia. Mutie alikuwa amekaa chini ya upenu akitetemeka. "Ameingia," alisema. "Kengele ilikuwa ikigongwa. Kilonzo aliushika mlango kwa mguu wake." Kisha akanicheka, "Profesa wa kitabu, una sauti ya kuuza mbuzi."

Tulingoja. Mvua ikakatika. Saa sita watahiniwa walitoka wakipiga mayowe, na mwishowe yeye, kwa magongo, polepole, sketi mpya ikiwa imemganda. Alikuja moja kwa moja hadi kwangu, akaniashiria ninyoshe mkono. Akatema jeti kwenye kiganja changu.

"Kavata! Muda wote huu?"

"Ningeiweka wapi? Msimamizi alinijia. Alidhani ni peremende. Akaniambia nimalize kuinyonya nisiwasumbue wenzangu."

Mutie alicheka mpaka akalala chini penye maji.

"Na mtihani?" niliuliza.

"Swali moja sikulijua. Mengine nilikuwa nayajua tangu mwaka jana."

Jumamosi, 12 Novemba

Mahindi yametokea, vidole viwili juu ya udongo. Mutie alikuja uani na spana, akasema sasa mtihani umekwisha, anatoa kigari na kurudisha gia ndogo, atembee kama binadamu.

Kavata alikuwa kibarazani na Susu, akijifunza kusuka. Hakuinua macho. "Shule ya sekondari inafunguliwa Januari," alisema. "Januari mvua imekwisha, kuna vumbi. Utahitaji jeti ndogo."

"Basi nipe, niiweke kwenye sanduku la spana."

Alivuta uzi shingoni. Jeti niliyomrudishia jana ilikuwa pale, imesuguliwa, inang'aa kwenye mkonge mwembamba wenye mstari mwekundu.

"Iko mahali pake," alisema. "Siku hiyo ukija kunichukua, nitakupa."

Mutie akarudisha spana sandukuni, akachukua kitambaa, akaanza kufuta benchi.